Begi la Kukulia

“Njomba, hili begi ulimnunulia nani?”

Dada yangu aliniuliza swali hilo Aprili mwaka jana, tumekaa barazani kwake Msimbati, mvua ndiyo kwanza imekatika na kuku wanachakura mchanga wa uani. Ananiita njomba kwa niaba ya mwanawe. Kwetu Wamakonde mtu akishapata wapwa, jina lake la kuzaliwa hubaki kwenye vyeti tu. Begi lenyewe lilikuwa ndani, limetundikwa kwenye msumari juu ya kitanda, limetuna. Nilipolichungulia kutoka mlangoni nilifurahi, nikadhani ni madaftari. Nikaenda kulishika. Lilikuwa limejaa makopa.

Ndiyo, mihogo mikavu. Dada alisema zipu zake ni nzuri, panya hawapenyi.

Nilikasirika, tena nilikasirika vibaya, kama anavyokasirika mtu aliyetoa zawadi na kujipongeza kabla ya kupongezwa. Begi hilo nililinunua Kariakoo mwezi Desemba kwa shilingi 35,000, fedha nilizolipwa kwa kuzunguka na madodoso ya utafiti wa mtu mwingine, kazi ambayo sisi wa shahada ya uzamili tunaijua kuliko tunavyozijua tasnifu zetu. Lilikuwa jeusi, kwa sababu orodha ya shule ilisema jeusi. Lilikuwa na mifuko saba, mmoja wa kompyuta mpakato, kwa ajili ya mtoto wa miaka sita ambaye kompyuta ameiona kwenye ukuta wa stationari mjini. Muuzaji aliniambia, “Hili atasomea mpaka chuo.” Nikacheka, nikalipa. Nilifurahishwa hasa na maneno hayo. Nikalipiga picha, nikaiweka kwenye status, watu wakanitumia mioyo. Kisha nikalipakia kwenye basi la Mtwara.

Sasa sikiliza lilivyomfanya mtoto. Alipolivaa siku ya kwanza, kitako cha begi kilimpiga nyuma ya magoti. Kila hatua, pu. Mama yake akafunga mafundo kwenye mikanda ili lipande juu, mafundo yakamkaa mabegani, jioni akavua sare ana alama nyekundu mbili. Akajaribu kulibeba kichwani, likamfunika macho. Akajaribu kulivaa kifuani, akawa haoni anapokanyaga. Wenzake wakamwita Kobe. Mwezi Februari aligoma kwenda shule siku mbili, na mtoto huyu si wa kugoma. Ni mtoto ambaye siku ya kuandikishwa darasa la kwanza alilala na viatu. Siku ya tatu mama yake alimwambia haya, acha begi, nenda. Akafunga madaftari kwenye kipande cha khanga, akaenda. Begi likapewa makopa.

Kwa hiyo swali la dada lilikuwa halali. Nilimnunulia nani? Jibu la kweli ni kwamba nilijinunulia mimi. Nilinunua begi la watu wa status, la muuzaji aliyenisifu, la majirani ambao wangeambiwa mjomba yake yuko chuo kikuu Dar. Mgongo uliokuwa ubebe mzigo huo sikuufikiria hata mara moja. Nilikuwa najua idadi ya mifuko ya begi lakini sijui mtoto ananifika wapi akisimama.

Nimeuliza wenzangu tangu siku hiyo, na sijapata hata mmoja aliyemnunulia mtoto begi la kwanza huku mtoto mwenyewe akiwepo. Viatu tunamjaribishia, au angalau tunakata kijiti cha urefu wa unyayo wake na kwenda nacho dukani. Sare fundi anampima kwa utepe. Begi, ambalo atalivaa mgongoni asubuhi na mchana siku zote za shule, tunalichagua kwa macho yetu, kwa kimo chetu. Muuzaji akitaka kutuonyesha linavyokaa, analivaa yeye.

Ugonjwa wenyewe una jina: kukulia. “Chukua kubwa, atalikulia.” Hilo ndilo ninalotaka kulipiga vita hapa, na najua nagusa pabaya, kwa sababu kukulia ni hekima ya watu wenye fedha chache, na mimi nimelelewa nayo. Sijaja kuwacheka. Nimevaa kaptula za kukulia mpaka nikazikulia kweli. Lakini kaptula ina pindo. Fundi anaikunja ndani, mtoto akirefuka anaifumua kidogo, mwaka mwingine kidogo tena. Viatu unaweza kusindika karatasi mbele. Begi halina pindo. Mikanda ukiifupisha, mfuko unabaki uleule, mpana kuliko mabega, na mzigo wote unavuta kurudi nyuma, kwa hiyo mtoto anainama mbele ili asianguke chali. Mtazame mtoto wa darasa la kwanza mwenye begi la kukulia akipanda kilima: anatembea kama mzee anayetafuta kitu alichokiangusha.

Halafu hesabu yenyewe ni ya uongo. Tunasema litamfaa mpaka darasa la nne, la tano. Lini umeliona begi la namna ile la darasa la tano? Zipu inang'oka meno kabla ya likizo ya Juni. Mkanda unachomoka pale juu, kwenye mshono unaouunganisha na mgongo, mahali ambapo hakuna anayepavuta kabla ya kulipa. Kwa hiyo mtoto anateseka na ukubwa wake mwaka wa kwanza kwa ajili ya mwaka wa nne ambao hautafika. Ukiwa na fedha ya begi moja kwa miaka minne, nunua dogo lililoshonwa vizuri, likichakaa mpe fundi viatu akalirudishie uzi wa nailoni. Fundi anajua kushona mkanda. Hana la kufanya na mgongo.

Hapo ndipo husimama mtu wa pili ninayegombana naye, na huyu ni mwenzetu, msomi. Anasema: jamani, begi ni begi tu, sisi tulibeba madaftari kwenye rambo na tumefika hapa. Maneno haya husemwa kwa kicheko, na baada ya hapo hufuata hadithi za chelewa na viboko, na watu wote huinua vikombe vyao vya kahawa.

Mimi pia nilibeba rambo. Naikumbuka ile mifuko, na naikumbuka bila kicheko. Kwetu kusini mvua ni msimu mmoja mrefu, inaanza karibu na Desemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei, maana yake mwaka wa shule unafunguliwa katikati ya mvua. Daftari hupewa mtoto Januari na maji humpa Januari hiyohiyo. Mfuko wa rambo una mdomo wazi juu na tundu chini, kwa sababu hakuna mama aliyetoa rambo zima kwa ajili ya madaftari wakati lile zima linafungia samaki. Darasa la pili daftari langu la hisabati lililowa, wino ukasambaa, na mwalimu akahesabu ukurasa uleule uliolowa kuwa kazi ambayo sikufanya. Nikachapwa. Mama alilitenganisha kurasa moja moja usiku, akalipiga pasi ya mkaa. Lilikauka, likawa nene kama msahafu, na halikufunga tena vizuri. Waliobeba rambo na kufika chuo kikuu wapo, nami ni mmoja. Waliobeba rambo na kuacha shule hawapo kwenye mkahawa huo kutoa ushuhuda wao.

Mdogo wangu wa mwisho alianza darasa la kwanza Januari 2019. Wa kusini wanaujua msimu huo. Mnada wa korosho ulikuwa umekwama, wakulima wamekataa bei, na Novemba 2018 serikali ikatangaza kuzinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaja kuzichukua. Bei ilikuwa nzuri, hakuna aliyebisha. Lakini kulikuwa na uhakiki kwanza, na uhakiki ulikuwa na mistari, na shule zilifunguliwa Januari huku wengi hawajaona fedha. Nyumbani tulikuwa na korosho kwenye karatasi za chama cha msingi na hatuna shilingi ya daftari. Mama alikuwa ameshatoa bakuli kadhaa kwa kangomba, yale mauzo ya vichochoroni ambayo mnunuzi huja na kipimo chake mwenyewe na bei yake mwenyewe. Kwa fedha ile alinunua sare na kalamu. Kwenye orodha ya mahitaji begi lilikuwa la mwisho, na likafutwa la kwanza.

Mdogo wangu akaanza na rambo. Tarehe 1 Juni mwaka huohuo mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku nchi nzima. Sina ugomvi na marufuku. Nimekulia pwani, nimeona plastiki ikining'inia kwenye mizizi ya mikoko mlangoni mwa Ruvuma kama nguo zilizoanikwa. Ninachosema ni kwamba, katika mijadala yote ya wafanyabiashara na wauza samaki na mifuko mbadala, sikumsikia mtu akiuliza watoto watabebea nini madaftari. Lilikuwa begi lao. Hatukujua kuwa ni begi, kwa hiyo hatukujua kuwa tumelichukua. Mfuko mbadala aliopewa mdogo wangu, ule wa kitambaa kinachofanana na karatasi, ulidumu mpaka mvua ya kwanza.

Tangu Januari 2016 ada na michango ya lazima imefutwa katika shule za umma, na watoto wa kwetu walijaa madarasani mpaka wakakaa chini. Ni jambo kubwa. Lakini sare, madaftari, kalamu na hilo begi vilibaki mikononi mwa mzazi, na kwa mtu anayesubiri malipo ya korosho, “bila malipo” inaanza baada ya kumaliza kulipia vitu hivyo. Sisemi serikali inunue mabegi. Nimeyaona mabegi ya kugawiwa. Kila Januari wakubwa na makampuni hugawa mabegi yenye nembo zao mgongoni, watoto wanapangwa mstari, picha inapigwa. Ukubwa ni mmoja kwa darasa la kwanza na la saba, kwa sababu nembo haipunguzwi. Mtoto anatembea mwaka mzima akiwa bango ambalo halilipwi.

Turudi kwa mwenzetu wa begi ni begi tu. Ana hoja moja ambayo niliiheshimu kwa muda mrefu. Anasema begi la mgongoni ni mambo ya watoto wa shule za Kiingereza, wenye vitabu kumi na mbili na chupa ya maji na sanduku la chakula. Mtoto wa Msimbati ana madaftari matano. Vitabu vya kiada ni vichache na vinabaki shuleni. Begi la nini?

Mimi nasema ni kinyume kabisa. Mtoto wa shule ya kulipia hutolewa begi mlangoni na dada wa kazi, hulipanda nalo kwenye basi la shule, hushuka nalo langoni. Hata ukimpa sanduku la bati atafika. Sasa mfuate mpwa wangu. Siku za usafi anabeba fagio la chelewa mkono wa kulia. Kichwani ana kidumu cha maji cha lita tatu, kwa sababu shule haina bomba na bustani lazima imwagiliwe na choo kisafishwe. Mkono wa kushoto umeshika kidumu kisidondoke. Niambie, madaftari atayashika kwa mkono upi? Kwapa? Ndiyo, wanayabana kwapani, na ndiyo maana madaftari ya watoto wetu yana jasho kwenye kona moja na yamekatika jalada. Mtoto mwenye mzigo kichwani na mkononi ndiye anayehitaji mgongo wake ufanye kazi. Begi la mgongoni, ukiliangalia hivyo, ni mkono wa tatu, na huyo wa basi la shule ndiye anayeweza kuishi bila huo mkono.

Baada ya ugomvi wetu barazani nilifanya jambo la kipuuzi ambalo mwanafunzi wa uzamili pekee angelifanya. Nilisoma. Nikakuta kwamba India mwaka 2020 walitoa sera nzima ya taifa kuhusu mabegi ya shule: mzigo usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mtoto, na wa awali wasibebe begi kabisa. Nikamchukua mpwa wangu na begi lake mpaka duka la unga lenye mizani ya sahani kubwa. Mtoto, kilo 18. Begi la Kariakoo likiwa na madaftari yote na kalamu, kilo moja na nusu. Nikapiga hesabu, na kwa kanuni ile mpwa wangu alikuwa salama. Mabega yake yenye alama nyekundu yalikuwa hayajaisoma sera.

Halafu mwenye duka, mama mmoja mwenye maneno machache, akaniambia, “Pima na kidumu.” Kilo tatu na kidogo. Sehemu moja ya sita ya mtoto, kichwani, shingoni. Hakuna sera ya mabegi niliyoiona inayozungumzia kidumu, kwa sababu waandishi wake hawakuwa na mtoto wa kidumu mbele yao. Ninaposema tumtazame mtoto ndiyo hii maana yake. Kanuni ya kuazima ni nzuri, nami naishika: usimpe mtoto wa kilo 18 zaidi ya kilo 1.8 mgongoni. Lakini ukimwondolea gramu za daftari na kumwachia lita za maji, umepanga takwimu tu. Wazazi waliokaa kimya kwenye vikao vya shule kuhusu kidumu, wakaenda kulalamikia bei ya begi, nami ni ndugu yao, wajiulize. Pipa moja la kukinga mvua ya bati linabeba vidumu vya darasa zima, na mvua tunayo miezi mitano.

Kuna suala la weusi pia. Sijui nani aliamua kuwa begi la shule liwe jeusi. Wanasema ni nidhamu, ni usawa, watoto wasionyeshane. Vizuri. Lakini usawa unaweza kuwa na rangi nyingine. Nenda barabara ya Mikindani saa kumi na mbili asubuhi, jua halijatoka sawasawa, usimame upande wa kulia. Utaona malori ya saruji na ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kwenda bandarini Mtwara, moja nyuma ya jingine, na pembeni mwa lami utaona, ukikaza macho, watoto. Sketi ya buluu iliyokolea, begi jeusi, ngozi yetu nyeusi. Tumewavalisha watoto giza na kuwapanga kando ya barabara. Japani, nchi ambayo imelifanya begi la shule kuwa jambo la heshima ya ukoo, watoto wa darasa la kwanza hufunikiwa mabegi yao kifuniko cha njano ili dereva awaone na ajue kuwa hawa ni wageni wa barabara. Wajapani hao hununua begi moja kwa miaka sita, na najua mtetezi wa kukulia atanirukia hapo. Atazame vizuri. Kinachokua ni mikanda.

Kuna jambo linalosemwa juu yetu watu wa kusini, na siwezi kumaliza bila kuligusa. Wageni hupenda kusema kwamba Mtwara fedha za korosho huishia kwenye jando na unyago, ngoma zinapigwa Desemba na Januari mtoto anakwenda shule pekupeku. Wapo wanaofanya hivyo. Lakini mimi nimekaa karibu na unyago wa dada zangu, mpaka pale mwanaume anaporuhusiwa kukaa, na najua namna vitu vinavyochaguliwa. Somo anamjua mwali wake. Khanga haichukuliwi tu, inatafutwa jina lake lisomeke kwa huyu na si kwa mwingine. Shanga zinahesabiwa kiunoni kwake, si kiunoni kwa muuzaji. Chakula anachokula, saa anayolala, nani amshike mkono siku ya kutoka, vyote vinafikiriwa kwa ajili ya mtoto mmoja mwenye jina. Wanaotutukana kwa unyago wangejifunza hapo namna ya kumnunulia mtoto kitu. Shule ndiyo tunayoipeleka ovyoovyo. Tunaichukulia kama jambo la ugenini ambalo kila mtu analipia na hakuna anayelipima.

Na mjomba, kwa mila yetu, ndiye mwenye mtoto. Ukoo wetu hupita kwa mama. Baba ni baba, lakini mtoto akiugua, akioa, akikosa, anaitwa mjomba. Kwa hiyo dada aliponiuliza nilimnunulia nani, hakuwa anauliza habari za begi peke yake.

Desemba iliyopita sikutuma kitu kwa basi. Nilikwenda Msimbati, nikamwambia dada nataka kumchukua mtoto mpaka Mtwara mjini. Akauliza nauli ya kwenda na kurudi ya nini, si ungeiongeza kwenye begi. Nikamwambia hiyo nauli ndiyo sehemu ya begi niliyoikosa mwaka jana. Akanyamaza, kisha akafunga madaftari matano ya zamani kwenye khanga, akampa mtoto fagio. “Kama mnapima, pimeni kweli.” Kidumu kitupu nilikibeba mimi.

Sokoni tulizunguka tangu saa tatu. La kwanza alilolitaka lilikuwa la pinki lenye binti mfalme na magurudumu. Nikamwambia hilo ni la sakafu ya vigae, mchanga wa Msimbati utayameza magurudumu kabla ya kufika kwenye mwembe. Hakunielewa, alilia, nami nikasimama pale nikiwa adui kwa dakika kama kumi, watu wakinitazama. Halafu tukaanza kazi. Kila begi tulilolishika nililigeuza ndani nje kutazama mishono, nikavuta mikanda pale juu inapoungana, nikalipima kwa kiganja lisizidi mabega yake, nikatazama kitako chake kisishuke chini ya kiuno. Tunaweka madaftari, anavaa, anachukua fagio, anapandishiwa kidumu, nami namwambia nenda mpaka kwa wauza dagaa kisha urudi. Mmachinga mmoja akauliza, “Kaka, unanunua begi au unanunua punda?” Watu walicheka sana, na mimi nilicheka. La nne lilimteleza bega moja, la tano alilirudisha mwenyewe, akasema linamkwaruza hapa, akaonyesha kwapani. Mwaka jana nani alimwuliza?

Tulilichukua la sita, kwenye rundo la mtumba, kwa shilingi 9,000. Dogo, jepesi, mikanda mipana yenye sponji, kitambaa kisichopitisha maji haraka, rangi ya njano iliyofifia kidogo. Alikwenda nalo mpaka kwa wauza dagaa na hakurudi. Nilimkuta ameweka fagio chini, anatazama pweza. Ndani, chini ya kifuniko, palikuwa na jina la mtoto mwingine limeandikwa kwa kalamu, herufi za Kikorea. Akaniuliza pameandikwa nini. Nikasema jina la mwenyewe. Akafikiri, akasema basi na langu uliandike, lakini la mwenzangu usilifute. Nikaliandika chini yake.

Lile la Kariakoo bado lina makopa.

Na orodha ya shule bado inasema jeusi. Dada amesema yeye haendi kujibizana na walimu. Begi ni la njomba, maneno nayo yawe ya njomba. Shule zinafunguliwa Jumatatu. Nimeahirisha safari ya kurudi chuoni kwa siku mbili, na msimamizi wangu wa tasnifu bado sijamwambia sababu.